Paa bapa, jua la jangwani na povu: niliyojifunza Tucson

Saa tatu usiku, mwezi wa Juni, nilipanda kiti sebuleni nikabandika kiganja darini. Jua lilikuwa limekwisha kuzama, watoto wamelala chali wakitafuta ubaridi wa vigae, lakini mbao za dari zilikuwa na joto la ubavu wa sufuria iliyoepuliwa sasa hivi. Kiyoyozi kilikuwa kinaunguruma tangu asubuhi. Usiku ule nikamwambia mume wangu: paa hili hatulitii viraka tena, tunalitengeneza.

Nyumba yetu ilijengwa mwaka 1956, hapa Tucson, Arizona, kwa matofali ya udongo yaliyochomwa. Paa lake ni bapa. Juu ya boriti kuna mbao, juu ya mbao kuna tabaka za karatasi ya lami, na juu ya lami kokoto. Basi. Hakuna nafasi ya hewa, hakuna kitu cha kuzuia joto, na dari unayoitazama ukiwa kitandani ndiyo mgongo wa paa lenyewe. Nyumba nyingi za miaka ile ziko hivyo. Na jua la huku si la mchezo: tarehe 26 Juni 1990 Tucson ilifika nyuzi 47 za Selsiasi, siku hiyohiyo Phoenix ikafika 50, na mwaka 2023 Phoenix ilikaa siku 31 mfululizo ambazo kila mchana joto lilifika nyuzi 43 au kupita. Paa jeusi chini ya jua kama hilo hufika nyuzi 66 na zaidi. Joto hilo likishaingia kwenye mbao na matofali, linakaa humo mpaka usiku wa manane.

Paa bapa si jambo geni kwangu. Mimi nimezaliwa Mji Mkongwe, Unguja, na nyumba za mawe za zamani kule ziliezekwa kwa sakafu: boriti za mikoko, mawe ya matumbawe, chokaa juu yake. Nyingi baadaye zilifunikwa mabati kwa sababu sakafu zilivuja. Babu yangu hakutaka mabati. Kila mwaka kabla ya masika alipanda juu na ndoo ya chokaa na brashi ya makuti, akaziba nyufa, akapaka upya. Nilikuwa namshikia ndoo. Alichokuwa akikifanya ndicho nilichokuja kukilipia huku kwa dola.

Dawa tuliyoichagua ni povu la kupulizwa juu ya paa. Povu lenyewe ni poliyurethani, jamii ya plastiki iliyogunduliwa na Otto Bayer na wenzake Ujerumani mwaka 1937. Mafundi huja na lori lenye mapipa mawili ya kimiminika. Mipira mirefu inapanda mpaka juu ya nyumba, vimiminika vinachanganyika kwenye mdomo wa bunduki ya kupulizia, na vikigusa paa vinaumuka mara 20 hadi 30 ya ujazo wake ndani ya sekunde chache. Ukishawahi kuona unga wa maandazi ukiumuka, fikiria saa nzima imebanwa katika pumzi moja. Kisha linakauka, gumu kiasi cha kukanyagwa, jepesi kiasi kwamba mita moja ya mraba yenye unene wa sentimita 4 haifiki kilo mbili. Sentimita mbili na nusu za povu hilo huzuia joto kuliko nusu mita ya zege. Na halina maungio: linapanda ukingo wa paa, linazunguka kila bomba, linakuwa kipande kimoja. Paa la uwanja wa Superdome wa New Orleans, lililochanwa na kimbunga Katrina mwaka 2005, lilifunikwa upya kwa povu la namna hii.

Hayo ndiyo mazuri yake, na ni ya kweli. Lakini povu peke yake si paa. Paa ni ukavu ulio chini ya povu na rangi iliyo juu yake, na mafundi wengi wanaoharakisha hukosea kwenye mojawapo ya hayo mawili.

Fundi wa kwanza tuliyemwita alipanda ngazi, akatazama dakika tano, akashuka na bei nzuri. "Tunapuliza juu ya yote haya, wiki ijayo mmemaliza." Nikamuuliza kuhusu doa la kahawia lililokuwa juu ya korido. Akasema povu litaziba. Tulikaribia kutia sahihi.

Wa pili alikuwa mzee wa asili ya Sonora, Meksiko, upande wa pili wa mpaka, aliyefanya kazi ya mapaa maisha yake yote. Yeye hakutaja bei. Aliomba ruhusa ya kukata. Akapiga magoti karibu na mguu wa ile mashine ya zamani ya kupoza hewa kwa maji iliyokaa juu ya paa tangu enzi za mwenye nyumba wa kwanza, akafagia kokoto kwa mkono, akakata kwa kisu mraba wa upana wa kiganja. Tabaka za juu zilitoka kavu, zinavunjika kama kaukau. Ya chini ilitoka nyeusi, laini, ina harufu ya kabati lililofungwa miaka. Akaiminya kati ya vidole viwili na maji yakachuruzika. Akanionyesha mkono wake. "Señora," akasema, "hapa pana sifongo."

Maji hayo hayakuwa ya mvua. Mashine ya kupoza ilikuwa ikidondosha kidogo kidogo, kiangazi baada ya kiangazi, na ushahidi ulikuwa wazi kama ningejua kuutazama: magadi meupe yaliyoganda kuzunguka miguu yake. Ungepuliza povu juu ya unyevu ule, jua lingeugeuza mvuke, mvuke ungelisukuma povu juu likafanya malengelenge, na mbao zingeendelea kuoza chini bila mtu kuona. Kwa hiyo, kama una paa la namna hii, sharti la kwanza ni hili: usimlipe mtu ambaye hajakata paa lako akatazama ndani, pasipungue mahali patatu, na mahali pamoja pawe karibu na kila kitu kinachotumia maji. Sisi tulikata sehemu tano. Moja tu ndiyo ilikuwa mbovu. Wakaing'oa mpaka kwenye boriti, wakabadilisha mbao sita, na mashine ikashushwa chini moja kwa moja.

Kazi nyingine unaweza kuifanya mwenyewe kabla fundi hajafika. Mvua ikinyesha, au kama hakuna mvua basi kwa mpira wa bustani, lowesha paa lote. Rudi kesho yake, kisha keshokutwa, na chora kwa chaki kila dimbwi ambalo bado lipo. Maji yanayokaa zaidi ya saa 48 ni maji yasiyo na njia. Fundi mzuri ataongeza unene wa povu mahali hapo kidogo kidogo mpaka maji yaelekee kwenye tundu la ukingo. Mpe ramani yako ya chaki, na muulize tundu zenyewe atazifanyaje, kwa sababu povu likiinua sakafu sentimita nne na tundu likabaki palepale, umejijengea bwawa.

Huku kuna sababu ya kuharakisha. Kuanzia 15 Juni mpaka 30 Septemba ni kipindi cha mvua wanazoziita monsuni. Sisi watu wa kusi na kaskazi tunazijua monsuni za aina nyingine, ila neno ni ndugu wa msimu wetu. Yote mawili asili yake ni mausim ya Kiarabu. Mvua hizo huja alasiri, kwa upepo na vumbi, na saa moja yaweza kumwaga maji ya mwezi mzima. Tulipanga kazi mwishoni mwa Aprili.

Siku mbili za kwanza zilikuwa za kuondoa kokoto. Zinanyonywa kwa bomba nene kama shina la mgomba, na vumbi lake linaingia hata kwenye kabati la nguo. Funika kila kitu. Baada ya hapo paa likafagiliwa, likapakwa rangi ya msingi, likaachwa likauke.

Siku ya kupuliza tuliamka alfajiri na mzee yule alikuwa tayari juu, amebandika kiganja kwenye paa kama mimi nilivyobandika darini. Alikuwa anatafuta umande. Povu halishiki penye unyevu, hata ule usioonekana. Alikuwa pia na kipima upepo. Upepo ukizidi kilomita 20 hivi kwa saa, matone ya povu yanaelea mpaka kwa jirani na kuganda kwenye gari lake, na hayatoki kwa sabuni. Nilikuwa nimewagongea majirani wa pande zote jana yake nikawaomba wahamishe magari. Fanya hivyo, hata kama fundi anakwambia hakuna haja.

Na msibaki ndani. Kimoja kati ya vile vimiminika viwili kina isosaianeti, inayoweza kumletea mtu pumu ya kudumu. Mafundi wanavaa barakoa za kuletewa hewa safi. Sisi tulizima kiyoyozi, tukaziba kwa plastiki kila tundu linalovuta hewa kutoka juu, tukaenda kulala kwa rafiki. Tulirudi baada ya saa 24.

Niliporudi nilipanda kukagua, na hapa ndipo macho yako yanapokuwa na kazi. Povu zuri lina uso wa ganda la chungwa: vinyweleo vidogo, mawimbi mepesi. Ukiona uso wa bisi, au wa gome la mti, kataa. Mabonde yale ni ya kina kuliko rangi itakayopakwa, na kila bonde lisilofunikwa ni mlango wa jua. Kwetu kulikuwa na kipande cha bisi nyuma ya bomba la choo, upana wa sinia. Nikamwonyesha mzee. Hakubisha, alikiparua akapuliza upya. Kisha akachukua sindano ndefu yenye alama, akachoma mahali kumi na mbili mbele yangu ili nisome unene, akaziba kila tundu. Mkataba ulisema sentimita 4. Mahali pamoja palisoma 3, akaongeza.

Andika kwenye mkataba unene wa povu, uzito wake kwa mita ya ujazo (la paa huwa kama kilo 40 hadi 48; la kuta ni jepesi zaidi na halifai kukanyagwa), aina ya rangi na unene wa rangi ikishakauka. Namba ya leseni ya fundi utaiangalia bure kwa Msajili wa Wakandarasi wa Arizona.

Sasa rangi. Povu tupu likiachwa juani linageuka rangi ya chungwa, kisha kahawia, kisha linakuwa unga unaotoka na kidole. Kwa hiyo rangi inatakiwa ndani ya siku moja au mbili, si baada ya wiki. Paa letu lilipakwa mikono miwili: wa kwanza kijivu, wa pili mweupe, ili kijivu kikionekana ujue brashi imeruka. Kuna akriliki na kuna silikoni. Akriliki ni nafuu na ni nyeupe sana, lakini maji yakituama juu yake inabambuka. Silikoni inavumilia madimbwi na inadumu zaidi, ila inashika vumbi, inateleza mno ikilowa, na ukishaipaka umefunga ndoa nayo, kwani juu ya silikoni hakishiki kitu kingine isipokuwa silikoni. Kwa kuwa miteremko yetu ilirekebishwa, tulichukua akriliki, yenye chembe za mawe zilizomwagwa ikiwa mbichi.

Juni iliyofuata, saa tatu usiku, nilipanda kiti kilekile. Dari ilikuwa vuguvugu, kama ukuta wa ndani. Bili ya umeme ilishuka pia, ingawa mwaka huohuo tulibadilisha kiyoyozi, kwa hiyo siwezi kulipa povu sifa zote.

Binamu yangu wa Maskati aliniuliza kama afanye hivihivi kwenye nyumba yake ya zege. Nikamwambia: kaka, kwako adui wa kwanza ni umande. Pwani ya Oman ina unyevu ambao Tucson haiujui, kwa hiyo fundi wako asubiri paa likauke barabara hata kama ni saa nne asubuhi. Huko Ghuba pia wengi hufunika povu kwa kitambaa na tabaka la saruji badala ya rangi, ili watu waweze kutembea na kuanika nguo juu. Hilo linafaa kwenye zege. Kwenye boriti zangu za 1956 uzito ule usingebebeka.

Mara mbili kwa mwaka napanda: Mei, kabla ya monsuni, na Oktoba, zikiisha. Nafagia majani kwenye tundu za maji, natazama kila kona, nabeba mrija wa gundi ya kuzibia. Maadui wakubwa ni mafundi wa viyoyozi wanaoangusha skrubu na kuegesha ngazi bila ubao chini, na vigong'ota, ndege wanaodhani povu ni mti. Uzuri ni kwamba maji hayasambai ndani ya povu. Tundu likilowa, linalowa hapohapo. Oktoba iliyopita nilikuta matundu matatu ya kigong'ota kwenye ukingo wa mashariki, kila moja linaingia kidole. Nikayakausha kwa kitambaa, nikajaza gundi, nikapaka rangi nyeupe juu kwa brashi ndogo. Mwanangu wa kiume alikuwa amenishikia kopo.