SOMO LA SHERIA: MAHALI PALIPOKATAZWA

Wakazi wa Kasese na Bwera hawahitaji kufundishwa kwa nini kambi ya jeshi hulindwa. Tarehe 13 Novemba 1996 waasi wa ADF walivuka mpaka kutoka Zaire ya wakati huo na kushambulia Mpondwe na Bwera. Tarehe 5 Julai 2014 vituo vya polisi vilishambuliwa katika wilaya za Kasese, Bundibugyo na Ntoroko. Lakini sheria inayolinda maeneo hayo ilitoka wapi, na mipaka yake ni ipi?

Asili yake

Mwaka 1911, Uingereza ikiwahofu majasusi wa Ujerumani, Baraza la Makabwela liliipitisha Sheria ya Siri za Serikali katika alasiri moja tu. Sheria hiyo ilitaja "mahali palipokatazwa": ngome, ghala za silaha, kambi na mitambo ya mawasiliano. Aliyepakaribia, kupachunguza au kupachora kwa nia ya kuidhuru dola alifungwa kwa kazi ngumu kati ya miaka 3 na 7. Mwaka 1920 kikomo kilipandishwa hadi miaka 14, tena ikawa kosa kumzuia au kumpotosha askari wa zamu.

Ukali wake mkubwa ulikuwa katika ushahidi. Mtu aliweza kutiwa hatiani kwa mazingira ya kesi au tabia yake inayojulikana, pasipo kuthibitishwa tendo mahususi lenye nia mbaya.

Baada ya uhuru wa 1962, Uganda ilitunga Sheria yake ya Siri za Serikali mwaka 1964 juu ya msingi huo huo. Adhabu ya ujasusi ilibaki kifungo kisichozidi miaka 14.

Mipaka yake

Kiini cha kosa la ujasusi ni nia. Mama aokotaye kuni karibu na ua wa kambi, au mtoto afuataye mbuzi wake, si jasusi kwa sababu tu ameonekana hapo. Askari aulize kwanza, apime, ndipo aamue.

Katiba ya 1995 nayo imeweka kinga. Ibara ya 23 inataka anayekamatwa aelezwe sababu kwa lugha anayoielewa, na afikishwe mahakamani ndani ya saa 48 asipoachiliwa mapema. Hivyo asiyejua ila Lhukonzo atafutiwe mkalimani. Ibara ya 28 yamhesabu kuwa hana hatia hadi ithibitishwe.

Wajibu wa raia

Heshimu mabango na uzio. Usipige picha lango wala mitambo ya kambi. Ukiitwa na mlinzi, simama, ujitambulishe. Ukimwona mtu akichunguza zamu za walinzi, toa taarifa kituoni, ukieleza ulichokiona, si ulichokidhania. Taarifa ya chuki dhidi ya jirani yaweza kumtia hatarini asiye na kosa.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini nia ni muhimu kuliko mahali mtu alipoonekana?
2. Ni hatari gani kumhukumu mtu kwa sifa yake kijijini?
3. Wazee na polisi washirikiane vipi kuwaonyesha watoto mipaka ya kambi?