Kufukuza Mbu kwa Vitu vya Nyumbani: Kinachosaidia na Kisichosaidia



Mvua ikinyesha siku mbili tatu mfululizo, mitaro ya Mbotela hujaa, maji husimama, na baada ya wiki moja usingizi huwa shida. Watu wengi hukimbilia dukani kununua koili au dawa ya kupuliza. Wengine hutumia majani na mafuta kama walivyofundishwa na wazazi wao mashambani. Somo hili linaeleza ni njia gani za nyumbani zinazosaidia, jinsi ya kuzitumia bila kujidhuru, na mahali zinapofika mwisho wake.

Mjue mbu unayepambana naye

Ni mbu jike pekee anayeuma, kwa sababu anahitaji damu ili mayai yake yakomae. Humtafuta mtu kwa kufuata pumzi anayotoa, joto la mwili na harufu ya ngozi. Mimea yenye harufu kali humsumbua mbu asiitambue harufu yako vizuri. Haimuui. Harufu ikiisha, anarudi.

Katika mitaa yetu kuna mbu wa aina mbili ambao ni muhimu kuwatofautisha. Wa kwanza ni kuleksi, anayezaliana katika maji machafu ya mitaro na mashimo ya choo. Huyu ndiye anayelia sikioni usiku. Wa pili ni edesi, mwenye madoadoa meupe miguuni. Yeye huzaliana katika maji masafi, ndani ya mapipa, ndoo, magurudumu makuukuu na vyombo vya maua, na huuma mchana. Edesi ndiye anayeeneza homa ya dengi na chikungunya, magonjwa ambayo yamewahi kuzuka Mombasa na sehemu nyingine za Pwani.

Mbu wa malaria, anofelesi, si wengi Nairobi kwa sababu jiji liko juu, zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, na usiku kuna baridi. Hata hivyo tusijisahau. Mwaka wa 2023, taasisi ya utafiti wa tiba ya KEMRI ilitangaza kwamba anofelesi aina ya stefensi amepatikana katika kaunti ya Marsabit. Huyu ni mbu anayependa miji na huzaliana katika matangi na mapipa ya maji.

Njia nne za nyumbani

1. Mimea hai. Panda kivumbasi, jamaa ya mrehani, katika kopo au ndoo kuukuu iliyotobolewa chini, kisha uiweke karibu na mlango au dirisha. Watafiti waliojaribu mimea ya namna hii magharibi mwa Kenya waliona kwamba ikiwekwa ndani ya nyumba hupunguza mbu wanaomfikia mtu kwa takriban thuluthi moja. Huo ni msaada, lakini mbu wawili kati ya watatu bado wanapita. Usiache maji katika sahani iliyo chini ya kopo, maana edesi atazaliana humo.

2. Majani yaliyopashwa moto. Majani ya kivumbasi au ya mkaratusi wenye harufu ya ndimu hufanya kazi vizuri zaidi yakiwekwa juu ya bati au sufuria kuukuu yenye moto kuliko yakichomwa. Yakipashwa, mafuta yake hutoka kama mvuke. Yakichomwa, mafuta mengi huungua na kinachobaki ni moshi wa kuumiza macho na kifua. Fanya hivi jioni huku mlango ukiwa wazi, kisha toa jiko nje kabla ya kulala.

3. Mafuta ya mwarobaini. Changanya kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya mwarobaini na vijiko ishirini vya mafuta ya nazi. Tikisa vizuri, hifadhi katika chupa yenye kifuniko na uiandike jina. Kwanza paka kidogo mkononi na usubiri siku moja. Ngozi ikiwasha au kuwa nyekundu, usitumie. Isipodhurika, paka miguuni, kwenye vifundo vya miguu na mikononi, na urudie kila baada ya saa chache.

4. Mchaichai. Katakata majani, yachemshe kwa maji kidogo, yaache yapoe huku chombo kimefunikwa, kisha chuja. Nyunyiza maji hayo kwenye mapazia na mlangoni. Harufu yake hupotea upesi, mara nyingi kabla ya saa mbili kuisha, kwa hivyo usitegemee kwamba utalala salama hadi asubuhi.

Tahadhari ambazo si za hiari

Jiko la makaa lisikae ndani ya chumba kilichofungwa, hata kama limeletwa kwa ajili ya majani ya kufukuza mbu. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyoonekana wala kunuka. Familia inayolala na jiko ndani inaweza isiamke. Nyumba zetu nyingi ni za chumba kimoja, na vyumba vya mabati vilivyoongezwa nje mara nyingi havina dirisha la kutosha. Hatari hii ni kubwa kuliko ya mbu wenyewe.

Usipake ndimu mbichi ngozini kisha ukatoka juani. Maji ya ndimu na jua pamoja huunguza ngozi na kuacha mabaka meusi.

Usimpake mtoto mchanga mafuta ya mimea yenye nguvu. Mlinde kwa neti na nguo zinazofunika mwili. Mama mjamzito aulize kwanza kituoni. Mafuta ya mwarobaini yawekwe mbali na watoto, kwa kuwa mtoto mdogo akiyanywa yanaweza kumdhuru vibaya.

Kazi kubwa ni kwenye maji

Yai la mbu huchukua siku saba hadi kumi, au zaidi kidogo wakati wa baridi, kuwa mbu anayeruka. Kwa hivyo nyumba inayomwaga maji yaliyosimama kila wiki huvunja uzazi huo kabla haujakamilika. Hakuna jani linaloweza kushindana na kazi hii.

Kwa sababu ya mgao wa maji, kila nyumba huweka mapipa na mitungi. Ifunike vizuri, kama kifuniko kimevunjika, funga kitambaa safi kwa mpira. Kila wiki, maji yakipungua, sugua kuta za pipa kwa brashi. Edesi hubandika mayai yake ukutani mwa chombo, na mayai hayo huweza kukaa makavu miezi kadhaa yakingoja maji. Kumwaga tu hakutoshi.

Ukiona viluwiluwi wakijipindapinda katika mtaro, ujue maji hayapiti. Zibueni mtaro pamoja kwa ploti, na taka msizirudishe ukingoni, kwani mvua ya kwanza itazirudisha ndani. Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, inahesabu maji yaliyosimama yanayozalisha mbu kuwa kero ambayo mwenye mahali pale anaweza kuamriwa kuiondoa. Mtaro ukiwashinda, mwelezeni mhamasishaji wa afya ya jamii wa eneo lenu au afisa wa afya ya umma wa Makadara.

Ukisafiri kwenda nyumbani

Wengi wetu tuna jamaa magharibi mwa nchi na Pwani. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka wa 2020 ulionyesha kwamba katika ukanda wa Ziwa Victoria, takriban watoto 19 kati ya kila 100 walikuwa na vimelea vya malaria, ilhali kwa nchi nzima walikuwa 6. Mtoto aliyekulia Mbotela hana kinga ya kuzoea ugonjwa huo, na kwake malaria inaweza kuwa kali upesi. Huko usitegemee majani wala mafuta peke yake. Laleni ndani ya neti yenye dawa kila usiku.

Mkirudi, homa yoyote katika wiki za kwanza ipimwe damu siku hiyohiyo. Mwambie daktari mlikokuwa, hata asipouliza. Nairobi homa huchukuliwa kwa urahisi kuwa mafua, na kuchelewa kwa siku mbili tatu kumewapoteza watoto.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini kumwaga maji ya pipa bila kusugua hakumalizi edesi?
2. Kwa nini majani hupashwa badala ya kuchomwa, na jiko linapaswa kuwa wapi wakati wa kulala?
3. Nani katika nyumba yako hapaswi kupakwa mafuta ya mwarobaini?
4. Mtoto ametoka Siaya juzi na ana homa leo. Hatua ya kwanza ni ipi?

Kazi ya wiki hii: chagueni siku moja, mtembee pamoja kuzunguka ploti yenu, na muhesabu kila chombo chenye maji yasiyofunikwa. Jumamosi ijayo hesabuni tena.