Nyanya za kuning'inia: kulima mahali ambapo jembe haliingii



Mwezi uliopita tulikaa pamoja na wamama wa koperative moja ya pembeni ya Goma. Mkutano ulikuwa juu ya mbegu. Lakini mbele ya kuachana, mama mwenye kutunza sanduku alitoa simu yake akatuonyesha picha: nyanya nyekundu zinaning'inia kichwa chini, zimejaa, hata majani hayaonekani vizuri. Kulikuwa muuzaji aliyewaahidi kuwaletea vifuko vya namna hiyo kutoka mjini, kila mwanamemba apate chake, na feza itoke katika sanduku la koperative. Mama akatuuliza: « Ninyi mliosoma mambo ya kilimo, hii ni kweli ao ni bongo? »

Tulimjibu kwamba ni kweli, lakini picha haisemi yote. Juu ya swali lake tumeandika somo hili. Tunajua sanduku lile lilijazwa na franka za wamama wanaoamka saa kumi ya usiku kwenda soko.

1. Kazi hii inafaa nani?

Wakaaji wa Goma wanajua jambo hili bila kuelezwa. Tarehe 17 Januari 2002 moto wa Nyiragongo ulipita katikati ya mji. Tarehe 22 Mei 2021 ukashuka tena. Pale ulipopita, ulibaki jiwe jeusi. Watu wamejenga juu yake, lakini jembe haliingii. Mwenye parseli ya namna hiyo ananunua udongo kwa mfuko, sawa vile anavyonunua makala. Kwake, udongo unaojaza bidoni moja tayari ni shamba.

Kuna pia mwenye kupanga nyumba, ambaye kesho anaweza kuambiwa ahame. Bidoni yake anahama nayo. Na kuna yule mwenye uwanja mdogo ambamo kuku na mbuzi wa jirani wanakula kila kitu kinachoota chini.

Faida za kweli ni hizi:

- Mmea hauombi nafasi chini, wala miti ya kuusimamisha.
- Mvua ikipiga udongo, matone yanarusha matope juu ya majani, na magonjwa mengine yanapanda kwa njia hiyo. Mmea ulio juu uko mbali na matope.
- Ukianza na udongo safi, unakimbia ule ugonjwa wa kunyauka ghafula unaokaa ndani ya udongo wa mashamba mengi.

2. Mambo ambayo picha haisemi

Nyanya haizai zaidi juu ya kuangalia chini. Mmea unajua juu ni wapi. Ukiugeuza leo, baada ya siku chache ncha yake inajikunja na kuanza kupanda kutafuta jua. Pale unapojikunja, upepo mkali unaweza kuuvunja. Na bidoni yenyewe inaweka kivuli juu ya majani.

Sisi tulijaribu: nyingine kichwa chini ndani ya bidoni, nyingine zikisimama ndani ya mifuko, udongo uleule, mbegu ileile. Zile za kusimama zilizaa zaidi kidogo na kuomba maji kidogo. Kwa hiyo tunasema wazi: mwenye nafasi ya kuweka mfuko chini, aweke mfuko chini. Kuning'iniza ni kwa yule asiye na nafasi hiyo.

Jambo la pili ni uzito. Bidoni ya lita 20 ikijaa udongo uliolowana inaweza kupita kilo 25. Hapa tuko na kosa letu wenyewe la kuwaambia. Katika uwanja mmoja tulifunga bidoni tatu kwenye mti tulioukuta umesimama tayari, bila kuukwaruza kuona kama mchwa wameingia. Walikuwa wameingia. Usiku mti ulikatika, bidoni zikaanguka pale ambapo mchana watoto wa nyumba wanakaa juu ya mkeka. Hakuna aliyeumia, kwa kuwa ilikuwa usiku. Tangu siku ile, hatufungi kitu kabla ya kubembea juu ya mti huo sisi wenyewe, mtu mzima mzima. Kama mti haukubebi wewe, hautabeba bidoni kwa miezi minne. Na chini ya bidoni hapakai mtoto.

3. Namna ya kufanya

*Chombo.* Chukua bidoni ya njano ya lita 10, ile ya mafuta ya kupikia, uisafishe na sabuni. Lita 20 inakubali pia, lakini kwa mti wenye nguvu sana. Bidoni iliyobeba dawa za kuua wadudu haitumiwi hata ikisafishwa mara kumi. Kata kitako chote, kisha igeuze: mdomo sasa uko chini, na hapo ndipo mmea utatokea. Toboa matundu manne karibu na ukingo uliokata, vidole vitatu chini yake, yakiachana sawasawa. Pitisha waya ngumu. Ndani ya kila tundu funga kijiti kidogo kusudi waya isipasue plastiki. Zungusha mfuko wa zamani inje ya bidoni, kwa kuwa jua linapochoma plastiki, mizizi inaungua.

*Udongo.* Changanya vipimo viwili vya udongo mweusi, kipimo kimoja cha mboleo iliyooza vizuri, na kipimo kimoja cha changarawe nyepesi ya volkano, ile yenye matundu matundu. Changarawe inapunguza uzito na kupitisha maji. Usichukue udongo pale palipolimwa nyanya, viazi, mbilingani, pilipili ao tumbaku, maana hao wote ni ndugu na wanapeana magonjwa. Udongo wa shamba la mahindi ni mzuri zaidi.

*Mbegu.* Chagua zile nyanya ndogo ndogo zinazoota zenyewe nyuma ya nyumba. Tawi lake halivunjiki upesi, na zinavumilia. Ukitaka nyanya ya soko, Roma inaweza, kwa kuwa haikui mrefu sana. Zile zinazopanda bila mwisho ziache kwa shamba lenye miti. Panda mbegu katika kitalu. Baada ya wiki nne hivi, mche ukiwa na urefu wa kalamu, uko tayari.

*Kupandikiza.* Kazi hii ni ya watu wawili.

1. Weka bidoni juu ya viti viwili vilivyoachana kidogo, mdomo ukitazama chini katikati.
2. Toa majani ya chini ya mche. Fungia yale ya juu ndani ya kipande cha gazeti, sawa vile muuza karanga anavyofunga karanga.
3. Ingiza kichwa hicho kwa ndani, kitokee kwa mdomo wa bidoni. Mizizi ibaki ndani, pamoja na sehemu ya shina yenye urefu wa kidole. Shina la nyanya likifunikwa na udongo linatoa mizizi mingine.
4. Zungusha kitambaa cha zamani ao kipande cha sponji kwenye shina, kusudi udongo usianguke. Usikaze: shina litanenepa.
5. Mmoja ashike mche, mwingine atie udongo polepole mpaka vidole vinne chini ya ukingo. Toa gazeti, mwangilia maji.
6. Acha siku tatu palepale kivulini. Kisha ning'iniza.

*Mahali.* Tafuta upande unaopata jua saa sita ao zaidi kwa siku. Pembeni ya paa ni pazuri, kama jua linafika: mvua kubwa haitapiga majani. Mdomo wa bidoni uwe urefu wa kifua. Ukiweka juu zaidi, mwenye kumwangilia atachoka, na siku atakapochoka mmea utakufa.

4. Maji: hapo ndipo wengi wanashindwa

Udongo wa shamba unanywa na kuweka. Udongo wa bidoni unakauka pande zote. Siku za jua, mmea mkubwa unaweza kuomba lita moja asubuhi na nyingine jioni. Ingiza kidole ndani ya udongo: kikitoka kikavu, mwangilia, kikitoka na udongo uliolowana, ngoja.

Mimina polepole. Maji yakizidi, yanashuka kwa shina na kulowanisha majani, na majani yaliyolowana usiku yanaita ugonjwa. Ndiyo sababu maji mengi yanatolewa asubuhi. Ya jioni yawe kidogo, jua lingali likiwaka.

Ukiona nyanya inakuwa nyeusi kwa kitako na kuoza, usikimbilie dawa. Mara nyingi ni mmea uliopata maji leo mengi, kesho hapana. Maji yasipofika sawasawa, chokaa iliyo ndani ya udongo haifikii tunda. Rudisha mpango wa maji, na matunda yatakayofuata yatakuwa mazima.

Maji yanayoshuka kila siku yanashuka na chakula cha mmea. Kila wiki mbili ongeza juu konzi mbili za mboleo iliyooza. Kijiko kimoja cha majivu ya jiko kwa mwezi kinasaidia, usizidishe.

5. Magonjwa

Mildiu, ule ugonjwa unaounguza majani na kuacha madoa ya kahawia, unabebwa na upepo. Kuning'iniza hakuuzuii. Kinachosaidia ni majani makavu: paa, maji ya asubuhi, bidoni zikiachana metre moja. Angalia kila siku. Jani lenye doa likatwe, lipelekwe mbali, lisitupwe ndani ya mboleo.

Mmea ukinyauka ghafula ungali wa kijani, kata shina lake, uning'inize kipande ndani ya glasi ya maji safi. Ukiona uzi mweupe kama maziwa unashuka kutoka pale ulipokata, ni ule ugonjwa wa udongo. Hauna dawa. Toa mmea na udongo wote, na usiumwage shambani. Osha bidoni na kisu vizuri kabla ya kuanza tena.

6. Turudi kwa sanduku la koperative

Tuliwaambia wamama wale hivi: msinunue vifuko kabla ya kujaribu. Bidoni ya zamani inafanya kazi ileile. Chagueni nyumba tano tu, zile zisizo na udongo kabisa. Kila nyumba ifunge bidoni mbili, na iweke mfuko mmoja wa kusimama kama nafasi iko. Katika daftari andikeni feza iliyotoka, maji yaliyotumiwa na nyanya zilizovunwa. Miezi minne ikipita, fungueni daftari mbele ya wote.

Bidoni mbili zinaweza kusaidia sufuria ya nyumba, kusudi mama asitoe franka kila siku kwa nyanya tatu. Hazitajaza kitunga cha kupeleka soko. Mwenye kuwaambia kwamba mtapata utajiri kwa bidoni kumi, mwombeni awaonyeshe daftari lake.

Muuzaji hakufurahi, lakini wamama walikubali. Bidoni kumi sasa zinaning'inia, na yule mama wa sanduku ameanza na zake mbili. Alizifunga yeye mwenyewe, na kwanza alibembea juu ya mti.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Kati yetu, ni nani asiye na udongo? Ni nani mwenye nafasi ya mfuko chini?
2. Maji yanatoka wapi wakati wa kiangazi, na nani atayabeba kila siku?
3. Bidoni zetu za zamani zilibeba nini?
4. Ni nani ataandika katika daftari, na tutalifungua siku gani?

Kazi njema, na tuonane katika somo linalofuata.