Jinsi ya Kuchagua Raketi ya Tenisi ya Meza

Mchezo wa tenisi ya meza hauhitaji uwanja mpana wala mvua ya kuotesha majani. Meza yake ina urefu wa mita 2.74 na upana wa mita 1.525, nayo huweza kuwekwa katika ukumbi wowote wa shule au wa kanisa. Kwa hiyo wafaa sana Ngong, ambako ukungu na baridi ya mwezi wa Julai huwafungia vijana ndani, na wafaa vile vile Kitengela na Kajiado, ambako upepo wa mbugani huleta vumbi siku nyingi za mwaka. Lakini mzazi au mwalimu aendaye dukani kununua raketi hukuta jambo la kumtatiza. Moja huuzwa kwa shilingi mia chache, na nyingine, isiyotofautiana nayo sana kwa macho, huuzwa kwa maelfu. Je, fedha hizo za ziada zanunua kitu cha kweli, au zanunua jina tu?

Yafaa kwanza ijulikane kwamba raketi ni vitu viwili vilivyounganishwa kwa gundi, yaani ubao wenye mpini, na raba zinazofunika pande zake mbili. Sheria za mchezo zataka angalau asilimia 85 ya unene wa ubao iwe mti wa asili. Ubao umfaao mwanafunzi huwa na tabaka tano za mti zilizobandikwa pamoja, wala uzito wake haupiti sana gramu 85. Miti itumiwayo sana ni limba na ayous, ambayo hutoka misitu ya Kongo na ya Afrika ya Magharibi. Husafirishwa hadi Uswidi, Japani au Uchina, kisha hurudi kwetu kwa bei ambayo mkata miti mwenyewe asingeithubutu.

Zamani raba ilikuwa nyembamba, yenye vipele vilivyotazama nje, na kila pigo lilisikika ukumbi mzima. Mwaka 1952, katika mashindano ya dunia yaliyofanyika Bombay, Mjapani aitwaye Hiroji Satoh alikuja na raketi iliyobandikwa sifongo nene. Mpira ulizama ndani yake bila kutoa sauti, ukatoka kwa kasi na kwa mzunguko ambao wapinzani wake hawakuuzoea, naye akawa bingwa wa dunia. Yalizuka mabishano mengi, na mwaka 1959 Shirikisho la Kimataifa la Tenisi ya Meza liliweka mpaka unaofuatwa hadi leo: raba pamoja na sifongo yake na gundi isizidi unene wa milimita 4.

Katika sifongo hiyo na uso wa raba ndimo ilimo tofauti ya bei. Raba nzuri huushika mpira; mchezaji akiusugua kutoka chini kwenda juu, mpira huzunguka mbele na kuinama mezani hata ukipigwa kwa nguvu. Raba ya raketi rahisi mara nyingi ni ngumu na yenye utelezi, na mpira huruka tu kama uliopigwa kwa ubao mtupu. Hili si jambo dogo kwa mtoto. Aliyefundishwa kwa raba ya utelezi hujifunza kupiga moja kwa moja, maana kusugua hakumletei faida yoyote. Mkono ukiisha kuzoea hivyo kwa miaka miwili, siku atakapokutana na mpinzani mwenye raba hai kila mpira atakaougusa utaruka nje ya meza, naye atadhani hana kipawa.

Nyota zilizochapwa juu ya raketi zisimdanganye mtu. Kila kiwanda hujiwekea nyota zake kipendavyo, na nyota tano za mmoja zaweza kuwa chini ya tatu za mwingine. Alama ya kutafuta ni ile ya Shirikisho, iliyo juu ya raba karibu na mpini; pasipo hiyo mwamuzi aweza kuikataa raketi katika mashindano makubwa. Tangu mwaka 1986 upande mmoja ulitakiwa kuwa mweusi na wa pili mwekundu, ili mpinzani aone raba gani imetumika. Na tangu Oktoba 2021 rangi nyingine chache zimeruhusiwa badala ya nyekundu.

Dukani, gongesha mpira polepole kila mahali juu ya raketi huku ukisikiliza. Sauti ikibadilika na kuwa kama ya kitu chenye uwazi ndani, tabaka zimeachana. Kisha sugua mpira juu ya raba. Ukiteleza bila kushikwa, iache.

Wako vijana wanaotamani raketi ya kasi kama ya mabingwa wa Uchina. Sisi hatuwashauri. Tena Ngong iko juu, na hewa yake nyepesi huuzuia mpira kidogo kuliko ya Mombasa na kuupinda kidogo pia, hivi kwamba chombo cha kasi huzidi kuwa kigumu kutawala. Ubao wa wastani na raba yenye sifongo ya milimita 1.5 hadi 2 watosha kabisa. Fedha zikiwa chache, zianze kwa ubao, maana huo hudumu miaka, na raba za Uchina zenye bei nafuu zitaufaa. Na mwalimu mwenye fedha za raketi kumi za ovyo afadhali anunue nne za kufaa, kwa kuwa mezani hawachezi zaidi ya wanne kwa mara moja.

Wachezaji wa zamani walibandika raba zao kwa gundi ya kuzibia mipira ya baiskeli, wakaona mpira unaongezeka kasi. Mvuke wake una madhara, na gundi za namna hiyo zilipigwa marufuku mwezi wa Septemba 2008. Gundi ya maji ndiyo itumikayo.

Raba nyingi za Uchina zina unato, na vumbi la Kitengela hushikamana nazo upesi. Kwa hiyo zifutwe kwa kitambaa chenye maji kidogo kila baada ya mchezo, zikauke, kisha zifunikwe. Ngong, siku za ukungu, unyevu huifanya raba iteleze, nayo hupanguswa katikati ya mchezo kwa kitambaa kikavu. Raketi isiachwe juani wala ndani ya gari lililofungwa. Na raba ikiisha kung'aa kama kioo pale katikati, ibanduliwe taratibu kuanzia mpinini, kwa kufuata mistari ya mti, ili isichukue nyuzi za ubao.