Kioo Kinachoshika Mafuta: Mafunzo Niliyopata kwenye Kaunta ya Simu

Nimezeekea kwenye biashara ya simu Kariakoo, na lalamiko lililonifikia mara nyingi kuliko yote si la betri wala chaji. Ni la kioo. "Fundi, hii simu inashika mafuta." "Fundi, protekta uliyoniwekea juzi imeshaingia ukungu." Mafundi wengi hulipuuza kwa kuwa halina hela: mteja anafutiwa kioo, anashukuru, anakwenda zake. Mimi nalichukulia kwa uzito. Mteja anakitazama kioo hicho kuanzia alfajiri mpaka anapolala, na kikimkera, kinamkera mara mia kwa siku.

Wewe unayefungua banda lako mwaka huu, najua unataka wateja warudi na wakuletee wenzao. Haya ndiyo niliyoyaokota njiani.

1. Mafuta ya kidole hayatoki kidoleni

Mama mmoja anayekaanga samaki Feri alikuwa na simu isiyotakata. "Baba, mimi nanawa kwa sabuni kabla sijaigusa. Haya mafuta yanatoka wapi?" Alikuwa anasema kweli, mikono yake ilikuwa safi. Nikamkaribisha kwenye benchi, tukazungumza huku namwangalia. Akajifuta jasho la paji la uso kwa vidole. Akarekebisha mtandio, akagusa shavu. Simu ikaita, akaipokea na kuibana kati ya sikio na bega ili mikono ibaki huru.

Baadaye nilisoma jambo lililonishangaza sana: ngozi ya viganja na ncha za vidole haina kabisa vile vitezi vinavyotoa mafuta. Vidole hutoa jasho tu, yaani maji na chumvi kidogo. Mafuta tunayoyaona kwenye kioo kidole kimeyabeba kutoka kwingine: usoni, kwenye nywele, kwenye losheni, kwenye sahani ya chipsi mayai. Nasi watu wa pwani tuna la ziada. Mafuta ya nazi huyeyuka yakifika kama nyuzi 24 za Selsiasi, kwa hiyo kwa joto la mchana la Dar es Salaam yale uliyojipaka asubuhi hukaa majimaji kutwa nzima, tayari kuhamia popote utakapogusa.

Kabla hujamuuzia mtu kitu chochote, zima skrini, inamisha simu kwenye mwanga, usome uchafu umekaa wapi. Ukiwa umetanda juu, karibu na spika ya sikioni, hilo ni shavu. Mshauri apokee kwa hedifoni. Ukiwa chini upande mmoja, ni dole gumba. Ukiwa kila mahali, muulize anapaka nini mikononi. Yule mama aliondoka na hedifoni, na tangu hapo akawa anatembea na leso ya kujifutia uso. Protekta hakuhitaji.

2. Kazi yote inafanywa na utando usioonekana

Mume na mke walikuja na simu mbili za aina moja, ya mke mpya, ya mume ya siku nyingi. Ya mke ukiifuta mara moja inatakata. Ya mume, kadiri unavyofuta ndivyo mafuta yanavyosambaa. Walitaka kujua kama mume aliuziwa feki.

Nikachovya kidole kwenye glasi ya maji, nikadondosha matone kwenye kila kioo. Kwenye simu mpya matone yalisimama duara, na nilipoiinamisha yakabingirika hadi ukingoni bila kuacha unyevu nyuma. Kwenye simu ya zamani, tone la pembeni lilisimama vilevile. La katikati, pale dole gumba linapopandisha na kushusha kurasa, lilitandaa likawa bapa. La chini, kwenye herufi za kuandikia ujumbe, nalo likatandaa. Simu haikuwa feki. Kidole cha mwenyewe kilikuwa kimeula utando wa juu, na matone yalituonyesha mipaka ya pale kilipopita.

Utando huo ni kemikali yenye florini inayopakwa juu ya kioo kiwandani. Apple walianza kuuweka kwenye iPhone 3GS mwaka 2009, na leo simu nyingi zinao. Unene wake hupimwa kwa nanomita, na milimita moja ina nanomita milioni moja, basi ona wembamba wake. Hauzuii mafuta kugusa kioo. Unayanyima nafasi ya kutandaa, yakae vitone vitone, kitambaa kikipita kiyazoe. Na unaisha. Apple wenyewe wanasema hivyo kwenye maelekezo yao: utapungua kwa matumizi ya kawaida, na ukisugua kwa kitu kinachokwaruza utapungua haraka zaidi.

Ndiyo maana nakusihi usimwahidi mteja kioo kisichoshika alama. Kioo hicho hakipo. Mwahidi kioo kinachofutika kwa urahisi kwa muda, halafu mfundishe kuurefusha muda huo.

3. Mchanga kwanza, mafuta baadaye

Kijana wa bodaboda kutoka Mbagala alikuwa na mazoea ya kufuta simu kwenye paja la jinzi kila akishusha abiria. Akaniletea protekta yenye mikwaruzo myembamba, yote imeelekea upande mmoja, ule ule mkono wake unakovutia. Akaniuliza inakuwaje wakati boksi liliandikwa 9H, na yeye amesikia almasi ni 10.

Hapo wengi hudanganyika, wauzaji wakiwemo. Ile 9H ni kipimo cha penseli: kioo kimepita jaribio la kukwaruzwa na penseli ngumu. Kipimo cha madini, ambacho almasi ni 10, ni cha Mohs, kingine kabisa. Katika hicho cha Mohs mchanga wa kawaida hufika 7, na vioo vingi vya simu viko chini kidogo ya hapo. Kwa hiyo chembe moja ya vumbi la barabarani ikinaswa kati ya jinzi na kioo, inachora. Mkwaruzo nao hukaa na mafuta ambayo kitambaa hakiyafikii, na kioo kinaanza kuonekana kichafu hata kikiwa kimetoka kufutwa.

Puliza, au pangusa kwa kugusa tu bila kukandamiza. Vumbi likiondoka, ndipo ufute mafuta.

4. Dawa kali inamaliza kioo mapema

Mwaka 2020, corona ilipoingia, tulianza kupokea simu zenye ukungu mzito wa aina ambayo hatukuwa tumeizoea. Watu walikuwa wanapaka simu vitakasa mikono. Nia ilikuwa njema, simu kweli hubeba vijidudu. Lakini kitakasa mikono kimetengenezwa kwa ajili ya ngozi. Fomula mojawapo ya Shirika la Afya Duniani ina alkoholi asilimia 80, na ndani yake kuna gliserini asilimia 1.45 ya kuilinda ngozi isikauke. Alkoholi inaruka, gliserini inabaki kwenye kioo. Mteja anaona michirizi, anaongeza kitakasa, michirizi inazidi.

Machi mwaka huo huo Apple walibadili maelekezo yao, wakaruhusu kufuta nje ya simu kwa kitambaa chenye alkoholi ya isopropili ya asilimia 70, taratibu, bila kuingiza unyevu kwenye matundu. Nami ndivyo ninavyofanya mteja akitaka simu yake iuliwe vijidudu: alkoholi inawekwa kwenye kitambaa, kamwe haimwagwi kwenye kioo, na si jambo la kila saa. Ukinunua spiriti ya famasi soma kwanza chupa, kwa sababu nyingine huchanganywa na mafuta ya mbarika, na hapo utakuwa unafuta mafuta kwa mafuta.

Dawa za kusafishia vioo vya madirisha, hasa zenye amonia, ziache dirishani. Dawa ya meno, ambayo watu huambiana inaondoa mikwaruzo, ina chembe za kusugua. Itaondoa utando wote na mikwaruzo utaikuta palepale. Na thina, rafiki wa sisi mafundi, ni ya kuondolea gundi kwenye kazi ya benchi. Nimeona vijana wakiimalizia nayo simu ya mteja ili ing'ae. Inang'aa kweli, mteja anafurahi. Baada ya wiki chache anarudi analalamika kioo kinashika mafuta, na hakuna anayekumbuka ile thina.

Kwa siku za kawaida, kitambaa kikavu kinatosha. Uchafu ukigoma, kilowanishe kidogo sana kwa maji safi, futa, kisha pitisha upande mkavu.

5. Kitambaa nacho kina mafuta

Dada mmoja wa ofisini alikuwa na kile kitambaa laini cha miwani, kizuri, wala hakutumia kitu kingine. Bado michirizi. Nikakishika: kilikuwa kinateleza. Hakuwahi kukifua. Nyuzi za vitambaa hivi ni nyembamba kuliko unywele na ndizo zinazozoa mafuta, zikijaa zinayarudisha kwenye kioo. Kifue kwa sabuni, kisuuze sana, kianike. Usitie dawa ya kulainishia nguo, kwa maana huacha tabaka lake kwenye nyuzi. Karatasi ya chooni huacha manyoya. Khanga iliyofuliwa mara nyingi si mbaya, ila khanga mpya bado ina wanga.

6. Alama zinasema siri

Hili nilifundishwa na mpwa wangu, anayenisaidia kazi. Mteja alituachia simu akaenda kununua soda. Mpwa wangu akaizima skrini, akaiinamisha kwenye taa, akaniambia, "Mjomba, angalia." Patani ya kufungulia simu ilikuwa imechorwa pale juu, mstari wa mafuta ukipita kwenye nukta zake moja baada ya nyingine, mpaka mahali kidole kilipogeukia palionekana. Hatukuigusa. Lakini nilishtuka, maana ndani ya simu ile kulikuwa na pesa za mtu na mambo ya nyumbani kwake.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, walikuwa wamelipima jambo hili tangu mwaka 2010. Kwa kupiga picha vioo kwenye mwanga uliopangwa vizuri, katika jaribio moja waliisoma patani nzima mara 68 katika kila 100, na sehemu yake mara 92.

Kwenye banda langu sasa ni sheria: simu ikipokelewa inafutwa palepale mbele ya mwenyewe, kabla haijaingia droo. Mteja hudhani ni usafi tu. Akiuliza mwambie sababu, na umshauri atumie namba au kidole badala ya patani.

7. Kabla hujafungua kamera, ifute

Bibi mmoja ambaye mwanawe anafanya kazi Muscat alikuja na maneno ya mwanawe: akipiga simu ya video, mama anaonekana kwenye moshi. Alikuwa ameshaambiwa mahali fulani kwamba kamera ya mbele imekufa na inabidi ibadilishwe. Ilikuwa na alama ya dole gumba. Dalili yake ni rahisi: taa zikiwa kwenye picha zinavuta mikia ya mwanga, na kila kitu kinakuwa na ukungu mwepesi. Vivyo hivyo simu inayozima skrini katikati ya maongezi na kugoma kuiwasha. Mara nyingi ni mafuta au ukingo mchafu wa protekta juu ya kile kitambuzi kilicho karibu na spika. Kazi hizi usizitoze. Ambaye angemtoza bibi yule pesa ya kamera angempata mara moja tu.

8. Protekta imetengenezwa ili iishe

Mteja hukasirika protekta inapochakaa, anadhani ameibiwa. Mwambie tangu mwanzo kwamba inachakaa kwa niaba ya kioo chenyewe. Utando wa kioo ukiisha umeisha, bali protekta unabandua unaweka nyingine.

Aina ni suala la maisha ya mtu. Ya kioo inateleza vizuri na inafutika, ila za bei ya chini utando wake huwa haudumu. Ya plastiki isiyong'aa inaficha alama na kukata mwako wa jua, na madereva wa bodaboda wanaipenda kwa haki kabisa. Lakini herufi na picha hupoteza ukali, kwa hiyo mpiga picha usimuuzie. Kwa simu yenye kitambua alama ya kidole chini ya kioo, uwe mwangalifu zaidi. Oktoba 2019 Samsung walikiri kwamba baadhi ya kava za silikoni zinazofunika kioo ziliichanganya Galaxy S10 kiasi cha kufunguka kwa kidole cha mtu mwingine, wakatoa marekebisho ya programu. Ukishabandika, mwombe mteja asajili kidole chake upya, kisha jaribu kwa kidole chako mbele yake. Isipofunguka ndipo umkabidhi.

Zima feni unapobandika. Futa kwa kitambaa chenye alkoholi, kausha, pitisha kikaratasi cha kunasia vumbi kwenye pembe zote nne, halafu ushushe kioo kikajilaze chenyewe. Aliyebandika kwangu akirudi na iliyochakaa, mimi humtoza bei ya protekta peke yake. Kazi ya mkono hailipi, hata akiwa amekuja mara ya tano.