Wazee wawili wa kichwani na shamba la Mamba

Shikamoo shangazi,

Nina miaka 31, nafundisha biashara kwenye sekondari moja ya binafsi hapa Same mjini. Baba alipofariki tuliachiwa shamba Mamba Miamba, nami nataka kuacha kazi nikalime tangawizi. Jambo zito huwa nalipeleka kwenye kikao cha kichwani: namkalisha Mwalimu Nyerere upande huu, mzee Cleopa Msuya upande ule, nauliza, wananijibu. Mwalimu ananiambia niache, kwani hata yeye aliiacha chaki. Mzee Msuya anasema nirudi nikajenge kwetu. Wifi yangu amenisikia nikinong'ona jikoni. Anadai naongea na mizimu, niombewe. Je, nimepotoka?

Mwalimu wa Same

Marahaba, mwanangu.

Hujapotoka. Machiavelli, yule Mtaliano, aliandika kwenye barua mwaka 1513 kwamba jioni huvua nguo zenye matope, akavaa za heshima, akaingia vitabuni kuwauliza wahenga sababu za matendo yao. Yeye aliuliza sababu; wewe unaomba baraka. Mzee asiyekupinga hata siku moja mimi namtilia shaka. Naona sauti ni yako, koti tu ndilo la Mwalimu.

Kweli Mwalimu aliacha kazi Pugu mwaka 1955. Lakini alikuwa ametakiwa achague, ualimu au siasa, na nyuma yake ilikuwapo TANU, iliyoundwa Julai 1954. Hata hivyo, mshahara ulipokatika alirudi kwao, akawa anajipatia riziki kwa kumfundisha Kizanaki padri wa Maryknoll. Hapo Mwalimu wako wa kichwani amepanyamazia. Mrudie umuulize: huko Mamba nani yuko nyuma yako? Na Kizanaki chako ni kipi, maana tangawizi hukaa ardhini miezi minane, tisa, kabla hujaona shilingi?

Mzee Msuya, aliyetutoka Mei 2025, umemgeuza babu wa kutoa baraka kwa sababu ni mtu wa Usangi. Huyo ndiye aliyekuwa Waziri wa Fedha mwaka 1986, tulipokubaliana na IMF na shilingi ikashushwa thamani! Angeanza na daftari: mbegu ya ekari moja shilingi ngapi, vibarua ngapi, gari la kushusha mzigo ngapi, na bei ikianguka wakati wa mavuno utakula nini. Unafundisha biashara, mwanangu. Hesabu hiyo siioni kwenye barua. Habari za tangawizi kuoza shambani nazo usiwaulize marehemu. Likizo ikifika panda mlimani, kaa na wanaolima, uwasikie waliopata na waliopoteza.

Halafu mbona kikao chote ni wanaume? Mwaka 1945 Wapare walishuka kwa maelfu wakakusanyika hapo hapo Same kuipinga kodi ya mbiru. Shauri liliporefuka, wanawake walimwendea mkuu wa wilaya, Mwingereza, wakamtaka alimalize, la sivyo awape mimba yeye, kwa kuwa waume zao kawaweka mjini. (Mhariri usinifutie hapo, imo kwenye historia.) Mkalishe mmoja wa wale bibi zetu kati ya wazee wako. Huyo hataanza na ndoto zako. Atakuuliza shamba ni la nani.

Nami nauliza hivyo hivyo. Umesema mliachiwa, hukusema mko wangapi, wala kama ukoo umeshakaa ukagawa. Ukiacha mshahara ukapanda tangawizi kwenye ardhi ambayo kaka yako anaihesabu kuwa yake, hakuna Mwalimu wala Waziri atakayekuja kukusuluhisheni. Barua ya kuacha kazi iweke kwanza. Omba kikao cha nyumbani, cha watu wanaokohoa na kunywa chai, mbele ya baba mdogo au shangazi zako, na mkikubaliana muandikishane. Ukipewa hata robo ekari, ilime huku unaendelea kufundisha.

Ila kabla ya kikao, zungumza na wifi yako. Huenda kinachomtisha ni shamba kuliko mizimu.