Insha ya Hoja: Upime Mfano Kabla ya Kuutumia

Chukua mada hii: "Michezo ya video ya mbio za magari huwafaa vijana. Jadili." Mtahiniwa wa Kilindoni anayepita kila jioni mbele ya banda la gemu ataiona rahisi, na hapo ndipo anapoponzwa. Ataandika kwamba michezo hii "huburudisha, huelimisha na huleta ajira", kisha atahamia aya nyingine. Ametaja hoja tatu. Hakueleza hata moja.

Hoja hukamilika ikiwa na dai, sababu na mfano. Tazama aya hii:

"Michezo hii humfunza mchezaji kusikiliza na kutenda haraka. Katika Colin McRae Rally, mchezo uliotolewa na kampuni ya Codemasters ya Uingereza mwaka 1998, mchezaji husomewa kona kabla hajaifikia. Sauti inayosoma ni ya Nicky Grist, aliyekuwa msoma ramani wa McRae mwenyewe. Anayeipuuza hujikuta nje ya barabara."

Aya hiyo ina jina, mwaka na namna jambo linavyotendeka, kwa hiyo mtahini haachwi akikisia. Ukitaka kuisogeza karibu na nyumbani, unaweza kueleza kwamba McRae, Mskoti aliyekuwa bingwa wa dunia mwaka 1995, alishinda mbio za Safari nchini Kenya mara tatu: 1997, 1999 na 2002. Mbio hizo zilipoanza mwaka 1953 zilipita pia Uganda na Tanganyika. Lakini sentensi isiyosaidia dai lako iache, hata kama unaipenda. Nimewahi kusahihisha insha iliyoanza na gemu ikaishia kwa papa potwe.

Sasa tuje kwenye sehemu ngumu. Jann Mardenborough, Mwingereza, alishinda mwaka 2011 shindano lililoanzia kwenye mchezo wa Gran Turismo. Mwaka 2013 aliendesha gari la kweli katika mbio za saa 24 za Le Mans, Ufaransa. Watahiniwa hupenda kumtumia kuthibitisha kwamba gemu ni ajira. Je, anathibitisha? Anaonyesha tu kwamba jambo hilo limewahi kumtokea mmoja kati ya maelfu, tena baada ya kufundishwa kuendesha magari halisi. Kwa hiyo usiandike "michezo hii huleta ajira". Andika "michezo hii inaweza kumfikisha mchezaji hodari kwenye ajira, akipata mafunzo". Dai limepungua ukubwa, lakini sasa unaweza kulitetea.

Mtu huyohuyo anafaa hata upande wa kupinga. Machi 2015, kwenye uwanja wa Nürburgring, Ujerumani, gari lake liliruka uzio na mtazamaji mmoja akafariki. Mchezoni gari likipinduka, unabonyeza kitufe na kuanza upya.

Kuhusu lugha: "gemu" liache mtaani, kwenye insha andika "mchezo wa video". Majina ya michezo yaandike kama yalivyo.

Zoezi

1. Andika aya moja ya kupinga mada kwa kutumia ajali ya mwaka 2015. Anza na dai, si na ajali.

2. "Kila anayecheza gemu hufeli." Eleza kosa la kauli hii, kisha iandike upya iwe hoja unayoweza kuitetea kwa mambo unayoyaona kijijini kwako.